Askari wa Nasimiyu

Kalekye alikuwa ameitwa Nairobi kumuuguza mgonjwa, na kwa miezi mitano mgonjwa huyo alimchosha kwa uzima wake.

Aliwasili Kangemi mwezi wa tano akiwa na nguo za kutosha, dawa ya kuchua, na kilo kumi za muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa ambayo yeye hakuwahi kusafiri bila kuyabeba. Mwanawe Mutiso ndiye aliyemwita. "Mama," alimwambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayesoma amri, "Nasimiyu ana mimba ya miezi minne, na ule ugonjwa wake unaujua. Nimekupanga zamu kuanzia sasa hadi mtoto azaliwe."

Mutiso alikuwa msimamizi wa walinzi katika mtaa wa Muthangari. Alilipwa kwa kuamua nani asimame lango gani na kwa saa ngapi, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Ukutani sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa, alikuwa amebandika karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Zamu ya Mama: mwezi wa tano hadi wa kumi. Likizo yake mwenyewe: mwezi wa nane wote. Dada yake Wavinya, kutoka Machakos: wiki tatu za mwezi wa tisa. Chini kabisa palikuwa na mstari mwekundu, na neno moja kwa herufi kubwa: KUZALIWA. Chini ya mstari huo karatasi ilikuwa tupu.

Ugonjwa wenyewe ulijulikana kwa herufi mbili tu, MS. Ulimpata Nasimiyu miaka minne iliyopita. Kwanza jicho la kushoto likaingia ukungu kwa wiki tatu. Mwaka uliofuata mguu ukafa ganzi, akawa anakwenda kwa mkongojo hadi ofisini kwake katikati ya jiji, alikochora ramani za viwanja. Siku ya harusi Kalekye aliuona mkongojo ule umefungwa utepe mweupe ili ufanane na gauni, na moyo wake ukashuka hadi kwenye viatu. Alijisemea tu kwamba mwanawe alikuwa amevuka wasichana wote wa Ukambani, akaenda hadi Bungoma kutafuta mwenye miguu mitatu.

Sasa mkongojo ulikuwa umesimamishwa nyuma ya mlango, na watu walitundika mwavuli juu yake.

Walipokwenda sokoni, Nasimiyu alitangulia, tumbo mbele na kikapu mkononi, akipanda ule mwinuko wa kutoka sokoni kana kwamba kuna mtu anamvuta kwa kamba. Kalekye alibaki nyuma akihema.

"Mama, nikungoje?" Nasimiyu aliuliza kutoka juu. "Au nikutafutie mwenye mkokoteni?"

"Wewe! Mimi nilikuja kukushika mkono."

"Haya, shika." Akarudi, akamnyoshea mkono, akamvuta mkwe wake hadi juu huku wauza mboga wakicheka.

Ilikuwa hivyo hivyo kila siku. Ghorofa ya tatu Nasimiyu aliipanda bila kupumzika. Mwezi wa nane, Mutiso alipokuwa likizoni akimfuata mkewe jikoni na kiti mkononi ili aketi, mkewe alimpa kiti kile kile akamenye viazi. Wavinya alipofika mwezi wa tisa alikuta nyumba imefagiwa. Akalala mchana wiki tatu mfululizo, akarudi Machakos amenenepa.

Kalekye hakuwa mtu wa kuona jambo bila kulitafutia sababu. Alitafakari, akapima, akafikia uamuzi: ni muthokoi. Kabla hajafika, mgonjwa alikuwa akila mikate ya dukani. Baada ya kufika, alikula muthokoi mara nne kwa wiki, na tazama. Jioni moja alimpigia simu Kaindi, jirani yake kule Mwala, akamwambia bila haya, "Yule mgonjwa nimemponya."

"Umemponya wewe?"

"Mimi na sufuria yangu."

Kaindi hakuwa jirani tu. Alikuwa katibu wa mwethya, lile kundi la wanawake ambao hulimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Na Kalekye alikuwa mwenyekiti wake kwa mwaka wa kumi na moja. Aliliongoza kwa sheria moja isiyopinda: anayekosa siku ya kazi huwatekea maji wote siku inayofuata, kutoka mtoni hadi shambani, debe baada ya debe. Visingizio hakuvipokea. Mwaka mmoja binti yake Kaindi alijifungua, na Kaindi akakosa siku mbili. Kalekye alimtazama, akatamka maneno ambayo kijiji kizima kiliyahifadhi kama aya: "Uzazi si ugonjwa." Kaindi alibeba madebe kumi na mawili.

Mtoto alizaliwa wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi, mvulana, mwenye sauti ya kukusanya mkutano. Kwa desturi ya Wakamba alipewa jina la babu yake mzaa baba, Ngui, marehemu mume wa Kalekye. Na kwa desturi hiyo hiyo Kalekye alipata haki ya kumwita mume wangu, na kumlalamikia.

"Mume wangu huyu hajabadilika," alisema akimfunga nepi. "Anakula, analala, na akiamka anataka aulizwe kwa nini amenuna."

Siku ya tisa alianza kufunga mizigo. Mvua za vuli zilikuwa njiani, na huko Mwala mbegu huwekwa ardhini kabla ya tone la kwanza. Anayengoja mvua imguse hugawiwa kilichobaki. Karatasi ya Mutiso ilikuwa imesema hadi kuzaliwa, na mtoto alikuwa amezaliwa. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa kwamba Nasimiyu, ambaye kwa miezi mitano hakukosa neno la utani, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda akikunja fulana moja ya mtoto kwa mara ya nne.

"Fulana hiyo ina kosa gani?" Kalekye aliuliza.

"Haina."

"Basi ni mimi nina kosa. Sema."

Nasimiyu aliiweka fulana chini. "Mama, unajua kwa nini nilikuwa na nguvu?"

"Najua sana. Muthokoi."

"Muthokoi ulikuwa mtamu, Mama."

Kalekye alikuwa mwenyekiti wa muda mrefu. Alijua jibu linalokwepa swali linavyosikika. Akaacha kamba ya mzigo, akaketi, akampakata mtoto.

"Ndani ya kila mtu kuna askari," Nasimiyu alianza. "Kazi yao ni kufukuza vijidudu. Wangu mimi ni kama yule mlinzi wa Mutiso aliyemkamata mwenye nyumba."

"Yule alifutwa kazi."

"Wangu hawafutiki. Mwilini kuna nyaya zinazopeleka habari kutoka kichwani hadi mguuni. Wao wanazichuna ganda la juu, wakidhani ni adui. Na waya uliochunwa haupitishi umeme vizuri. Ndiyo maana ya jicho, ndiyo maana ya mguu. Sasa njoo kwenye mimba. Huyu mtoto nusu ni mimi, nusu ni nyinyi. Kwa askari wangu, hiyo nusu yenu ni mgeni asiye na kitambulisho. Kwa sheria zao angefukuzwa siku ya kwanza."

"Ngui?" Kalekye alimkumbatia mtoto kama aliyesikia hatua mlangoni. "Nani amfukuze?"

"Hawakumfukuza, si unaye? Mwili hutoa amri: teremsheni rungu, kuna mgeni wa heshima. Na wakiteremsha rungu kwa ajili yake, nyaya zangu nazo zinapumua. Daktari alisema miezi mitatu ya mwisho ndiyo ya utulivu kuliko yote. Ulikuwa ukiniona nikikimbia sokoni. Ni mume wako huyo alikuwa akinilinda."

Kalekye alimtazama mtoto. Mtoto alipiga mwayo, kama mtu asiyependa kusifiwa.

"Na mgeni akishatoka?"

"Amri inafutwa. Wanaokota rungu zao. Miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa ndipo hurudi kwa kishindo kuliko hata kabla ya mimba. Baadaye hutulia, mambo yakawa kama zamani. Si lazima wanishike, Mama. Wengi hawashikwi. Lakini wakinishika, watanikuta na mtoto mikononi." Akaiokota tena ile fulana. "Mguu siuogopi. Mguu nimeuzoea. Naogopa kumwangusha."

Hapo ndipo Mutiso alipoingia kutoka kazini, kofia ya kazi ingali kichwani. Alimkuta mama yake amemkumbatia mtoto na mkewe akitazama sakafu.

"Wewe," mama yake alisema, "daktari alipoeleza habari za miezi mitatu baada ya kuzaa, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisikia nini?"

Mutiso alivua kofia. "Nilisikia mimba, nikasikia ugonjwa, nikajumlisha. Nikaona hiyo ni mizigo miwili kwa mpigo."

"Nilimwambia mara mbili," Nasimiyu alisema. "Mara ya pili alikuwa akitafuta kalamu nyekundu."

Mutiso alirudi nyuma hadi sebuleni, mlango ukiwa wazi, akaisogelea karatasi ukutani. Aliitazama kwa muda mrefu, jicho likishuka mstari kwa mstari hadi kwenye ule mwekundu, na chini ya ule mwekundu, pale peupe. Masikio yake yakaanza kubadilika rangi.

"Walinzi wapya huwa nawafundisha jambo moja kabla ya yote," alisema polepole. "Mwizi haji katikati ya zamu. Huja saa ya kubadilishana, yule wa kwanza ameshavua koti na wa pili hajavaa."

"Na wewe," mama yake alimalizia, "ukawarundika walinzi wote katikati ya zamu. Likizo yako imekwisha, Wavinya amekwisha kunenepa, na mimi nina kamba mkononi. Nani aliyekupandisha cheo?"

Nasimiyu alijaribu kutocheka, akashindwa. Na kwa sababu ya kushonwa baada ya kujifungua akacheka akiwa amejishika tumbo, akiwaomba wamwonee huruma.

Kalekye alicheka pia, lakini hesabu ya moyoni ilikuwa nyingine. Mama mzazi wa Nasimiyu alikuwa ametangulia mbele ya haki. Ofisi ilikuwa imempa Mutiso siku zake za baba mwenye mtoto mchanga, nazo zilikuwa zimekwisha. Aliyebaki alikuwa yeye, na yeye alikuwa na shamba. Shamba la Kalekye halikuwahi kukosa kupandwa hata msimu mmoja, hata mwaka aliomzika Ngui mkubwa. Njia ya kulipanda bila yeye kuwepo ilikuwa moja: mwethya. Na mlango wa mwethya, mwenyekiti akiwa mbali, alikuwa akiushika katibu.

"Nipe simu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba kung'olewa jino.

Aliiweka simu mezani ikiwa na sauti ya wazi, kwa kuwa hakuwahi kuamini kuiweka sikioni. Walizungumza Kikamba. Nasimiyu alikijua nusu tu. Nusu nyingine aliisoma kwenye uso wa mkwe wake.

"Kaindi, habari za huko?"

"Tunakungoja, mwenyekiti. Jumanne tunaanzia kwako. Jembe lako nimelinoa."

"Kuhusu Jumanne." Kalekye alikohoa. "Sitakuwepo."

"Alhamisi, basi."

"Wala Alhamisi. Sitakuwepo hadi mwezi wa kwanza."

Ndani ya simu jogoo wa Mwala aliwika mara mbili.

"Unaumwa?" Kaindi aliuliza.

"Mimi mzima. Ni Nasimiyu. Amejifungua."

"Aha. Amejifungua." Sauti ya Kaindi ilianza kupata utamu wa asali. "Mwenyekiti, hebu nikumbushe. Mimi ni katibu, ni wajibu wangu kuandika vizuri. Uzazi ni nini?"

Kalekye alifumba macho. "Kaindi."

"Nauliza tu. Si ugonjwa, sivyo? Na huyu hasa si ndiye uliyemponya? Wewe na sufuria yako?"

Mutiso aligeukia dirisha, mabega yakimtetemeka. Nasimiyu aliuficha uso nyuma ya ile fulana iliyokunjwa mara nne.

"Sikumponya," Kalekye alisema. "Ilikuwa ni mimba. Mimba iliushika ugonjwa, na sasa imeuachilia. Miezi mitatu hii inaweza kumwangusha, na mtoto akiwa mikononi. Sharti pawe na mtu." Alivuta pumzi. "Na ule mwaka wa binti yako nilikosea. Ulistahili kukaa naye, nami nikakubebesha maji."

"Madebe kumi na mawili."

"Kumi na mawili."

Asali ilikuwa imepungua katika sauti ya Kaindi. "Huyo mkaza mwanao, mguu unakanyaga?"

"Kwa sasa unakanyaga."

"Basi kaa hapo. Jumanne tutapanda. Lakini sheria ni yako, mwenyekiti, uliitunga mwenyewe. Mimi siwezi kuivunja. Utakaporudi, kwa kila siku ya kazi utakayokosa, madebe yako yanakungoja. Ninaandika."

"Andika," Kalekye alisema. Akakata simu, akafungua kamba za mzigo, akaanza kurudisha nguo kabatini moja moja, zilizokunjwa vizuri chini, za kazi juu. "Mnacheka nini? Mutiso, leta karatasi nyingine. Na safari hii anaandika mke wako."

Karatasi mpya ilianzia pale ya kwanza ilipokomea. Nasimiyu aliichora kama ramani, kwa wino mwembamba: Mama mchana, Mutiso usiku na mwisho wa wiki. Kulikuwa na kanuni zilizopendekezwa na Kalekye, na yeyote aliyewahi kulima katika mwethya angeitambua kalamu yake. Mtoto aogeshwe kwenye beseni lililowekwa sakafuni. Nasimiyu amnyonyeshe akiwa amekaa kitandani, mito pande zote mbili. Asimbebe mtoto kwenye ngazi, hata siku anayojiona anaweza kupanda Mlima Kenya.

"Hasa siku hiyo," Kalekye alisisitiza.

Wiki ya pili ilipita, na ya tatu, na ya nne. Hakuna kilichotokea. Nasimiyu alianza kumtania mkwe wake kwamba askari walikuwa wamesikia sauti yake kwenye simu wakaogopa kutekeshwa maji. Kalekye naye alikuwa ameanza kuyatilia shaka yale maelezo ya askari, na kuupika tena muthokoi kwa matumaini ya siri.

Asubuhi ya wiki ya sita Kalekye alikuwa jikoni akikoroga uji aliposikia akiitwa. Sauti haikuwa ya kupiga kelele. Hiyo ndiyo iliyomfanya auache mwiko ndani ya sufuria.

Nasimiyu alikuwa kitandani, katikati ya mito yake, mtoto akinyonya upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala kwenye shuka na vidole wazi, kama glavu iliyosahauliwa.

"Mama," alisema, "wamerudi. Mguu pia. Nilikuwa nataka kumhamisha titi la pili, mkono ukakataa."

Kalekye hakuuliza kama ana hakika. Alimwinua mtoto, akamlaza begani, akampigapiga mgongo mpaka akacheua. Kisha akaketi palepale, akauchukua ule mkono uliokataa, akauweka juu ya goti lake, akaushika.

"Hakuanguka," Nasimiyu alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Alikuwa kwenye mto."

"Aanguke apite wapi? Si kanuni ya pili?" Akampangusa uso kwa kona ya leso yake. "Na hao askari wako hawana adabu hata kidogo. Mtoto yuko kwenye kifungua kinywa. Hata Mutiso huwafundisha walinzi wake kubisha hodi."

Nasimiyu alicheka katikati ya kilio, na mtoto, akisikia kifua cha nyanya kikitikisika, akaanza kulia kwa niaba ya wote.

Mutiso aliitwa kutoka Muthangari, naye akafika na teksi kabla uji haujapoa. Hospitalini mjini Nasimiyu aliwekewa dawa kwa mshipa siku tatu mfululizo. Daktari alimwambia asubiri saa chache kila baada ya dawa kabla ya kunyonyesha, na Kalekye alizihesabu kwa saa ya ukutani, akimkataza mume wake mdogo kudai haki kabla ya wakati. Dawa yake ya muda mrefu nayo ilipangiwa tarehe ya kuanzwa upya. Mwavuli ulitundikwa kwingine, mkongojo ukatoka nyuma ya mlango. Vidole vilianza kujikunja wiki ya pili, mguu ukafuata taratibu, na Nasimiyu akawa anavuka sebule akihesabu hatua kwa sauti, huku Kalekye akitembea nyuma yake na kiti, kile kile cha Mutiso, ambacho sasa hakuna aliyekirudisha.

Kuelekea Krismasi Kaindi alipiga simu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Mahindi ya Kalekye yalikuwa yamepita kiuno, na kunde zimetanda.

"Na mkaza mwanao?" aliuliza.

"Leo ametoka sebuleni hadi jikoni bila mkongojo. Amenikuta nikionja mchuzi, akanitania papo hapo."

"Basi anapona. Mwenyekiti, mpaka sasa una madebe thelathini na sita. Nakuandikia kurudi lini?"

Kalekye aliitazama karatasi ukutani. Miezi mitatu ilikuwa imebakisha wiki mbili. Sebuleni Nasimiyu alikuwa amekaa mkekani, mtoto akiwa amelala juu ya miguu yake iliyonyooshwa, na mkono wa kushoto, polepole, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza anayejifunza kushika kalamu, ukimfunga kifungo cha fulana. Kifungo kiliteleza. Akakirudia.

"Andika madebe arobaini na mawili," Kalekye alisema. "Mto hauhami."

Kifungo kiliingia.